Panya wa Mkokotoni

Tarehe 2 Machi 2024 nilikuwa Mangapwani, pamoja na umati wa watu waliokwenda kumzika Mzee Ali Hassan Mwinyi. Magoti yangu hayataki tena kusimama muda mrefu, nikajitenga kidogo, nikakaa chini ya mwembe. Pembeni yangu alikaa bwana mmoja wa makamo, kanzu safi, viganja vya mtu wa kamba na tanga. Alinitazama, akageuza uso, akanitazama tena.

"Samahani mzee wangu. Wewe si Karani wa Paka?"

Nikamwambia ukarani niliwahi kuufanya, lakini habari za paka sizijui. Akacheka, kisha akajizuia, maana tulikuwa mazikoni. Yeye ni mtu wa Jongowe, Tumbatu. Akaniambia kwao mtu akileta uongo wa mchana kweupe huambiwa, "Hiyo sasa ya Karani wa Paka." Watoto wa leo wanalisema neno hilo bila kujua lilikotoka. Yeye alijua, kwa sababu aliyelizusha ni bibi yake.

Miaka 40 nimekuwa na lakabu ng'ambo ya mkondo ninaoutazama kila alfajiri nikitoka msikitini, na hakuna aliyeniambia. Nimeona bora kisa hiki nikisimulie mwenyewe, maana watu wa Tumbatu wameshakisimulia vya kutosha.

Asiyeijua Mkokotoni na aelewe kwanza kwamba ni mahali padogo penye ofisi nyingi. Ni makao makuu ya Mkoa wa Kaskazini Unguja, na hata zama za Mwingereza serikali ilikuwa na watu wake pale. Pwani kuna diko, mashua za kuvuka kwenda Tumbatu, harufu ya dagaa, nyundo za makalafati. Ukipanda kidogo tu unakutana na mihuri. Kisiwa kiko mbele yako, karibu kiasi cha kuona moshi wa majiko ya watu. Biashara ya mahali pale ni ya kale kuliko serikali yoyote. Wachimbaji wa mambo ya kale wameokota Mkokotoni shanga za kioo zilizotoka ng'ambo ya bahari, na Yaqut, yule mwanajiografia wa karne ya 13, aliitaja Tumbatu katika kitabu chake cha nchi na miji. Watu ambao wazee wao walikuwa wakipimiana shanga miaka 700 iliyopita hawahitaji kufundishwa mizani. Hilo Mkubwa hakulijua, au alilijua akalidharau.

Mkubwa ni yule niliyekuwa chini yake. Sitamtaja jina, wala sitasema bohari yetu ilikuwa ya idara gani. Ameshatangulia mbele ya haki, na watoto wake nasali nao safu moja. Sisi tulimwita Mkubwa, na hapa atabaki Mkubwa.

Nilianza kazi mwaka 1981, umri wangu miaka 21. Nilikuwa na hati nzuri ya mkono, na hiyo ndiyo iliyoniponza.

Vijana wanaokwenda dukani leo wakachagua baina ya michele ya nchi tatu au nne, inabidi niwaeleze. Zanzibar ilikuwa ikiishi kwa karafuu. Tangu 1968 mnunuzi wa karafuu alikuwa mmoja tu, shirika la biashara la serikali, ZSTC. Karafuu ikiuzwa nje ndipo fedha za kigeni zinaingia, na fedha hizo ndizo zilizonunua mchele, unga, sukari na nguo. Wateja wetu wakubwa walikuwa watu wa Indonesia, waliozitia karafuu katika sigara zao, nao wakawa wamepanda mikarafuu yao wenyewe na haja yao kwetu inapungua. Vita vya Kagera vya 1978 na 1979 vilikuwa vimeikausha hazina ya Muungano. Meli ya mchele ikichelewa, kisiwa kizima kinarudi kwenye muhogo. Vitu vya lazima vikagawiwa kwa kadi, na penye kadi pana foleni.

Foleni ya Mkokotoni ilikuwa ya mawe. Mtu alikuja alfajiri akaweka jiwe lake mstarini, akaenda zake shamba au pwani. Wengine waliweka kopo bovu, pakacha, kiatu kimoja. Mstari ulianzia mlangoni ukapita chini ya mkungu ukaishilia barabarani. Nilipoanza kazi hakuna aliyeligusa jiwe la mwenziwe. Mwenye jiwe akija saa 4 asubuhi alilikuta pale pale, nyuma ya kiatu cha fulani na mbele ya kopo la fulani, akasimama mahali pake. Nimeona mengi ya kujivunia katika nchi hii, ila sijaona kubwa kuliko lile, jiwe kushika haki ya mtu naye hayupo.

Lori likija kutoka mjini, mimi ndiye niliyehesabu mapolo na kutia saini. Kabla mlango haujafunguliwa vimemo huwa vimeshafika. Karatasi ndogo, maneno machache: Mpe huyu. Ndugu yetu huyu. Saini. Kimemo kimoja kiliweza kuchukua polo zima, na polo zima ni kadi za nyumba nyingi. Hivyo vilikuwa vya wakubwa wa nje. Mkubwa wetu hakuhitaji kimemo. Yeye alikuwa na ufunguo.

Jioni moja mapolo manne yalipakiwa kwenye Land Rover. Asubuhi nikamuuliza nayaandika wapi. Hakukasirika. Alikuwa mtu mpole, mwenye maneno mazuri, hakunipigia kelele hata siku moja.

"Andika panya, mwanangu. Bohari gani isiyo na panya?"

Nikaandika, kwa hati yangu ile nzuri: Mapolo 4, yameliwa na panya.

Baada ya hapo tuliendelea kielimu. Mchele uliliwa na panya, sukari ikaliwa na sisimizi, saruji ikaliwa na unyevu, vitambaa vikaliwa na nondo. Mafuta ya taa yaliliwa na jua. Nikizikumbuka leja zile naweza kukusimulia maisha ya nyumba ya Mkubwa mwezi kwa mwezi. Sisimizi walipokula kupita kiasi, binti yake wa kwanza alikuwa anaolewa. Unyevu ulipozidi, mwaka 1982, alikuwa anajenga mjini. Hata alipoingia mke wa pili nilijua mapema kuliko mke wa kwanza, kwa sababu nondo walibadilisha ghafla aina ya kitambaa wanachokipenda.

Mkaguzi wa hesabu alikuja mara moja. Alifungua leja, akasoma ukurasa mmoja, akasoma wa pili, akanitazama juu ya miwani. "Panya wenu wana afya," akasema. Moyo ulinienda mbio, na nakiri kwamba sehemu yangu moja ilifurahi, nikaona sasa mambo yamefika mwisho. Akachukuliwa kwenda kula chakula cha mchana nyumbani kwa Mkubwa. Aliporudi alikuwa akichokonoa meno, na leja hakuifungua tena. Katika ripoti yake alipendekeza tununuliwe dawa ya panya.

Dawa ikaja, katoni nzima. Wakulima wa mpunga mabondeni, ambao wao walikuwa na panya wa kweli, walikuwa wakiitafuta dawa ile kama dhahabu. Mkubwa akaiuza yote katika siku mbili. Nikamuuliza na dawa niandike imeliwa na nani. Akafikiri kidogo.

"Andika imetumika."

Usinidhanie kuwa nilikuwa shahidi aliyesimama kando. Sikukuu ya kwanza nikiwa kazini Mkubwa alinipa nusu polo, akaniambia mpelekee mama. Nikampelekea. Mama hakuuliza limetoka wapi, na hilo ndilo jibu kwamba alijua.

Kwetu Ramadhani sahani haikai nyumba moja. Magharibi ikikaribia watoto wanapishana uani, sahani ya muhogo wa nazi inakwenda, ya ndizi inakuja, na sahani ya mtu hairudishwi tupu. Mama na jirani yake wa ukuta wa pili walikuwa wakipelekeana sahani tangu kabla sijazaliwa. Walinyonyeshana watoto. Sasa mama akawa na mchele na mwenzake, kwa tulivyojua, hana. Wali wa nazi harufu yake haifichiki. Ukichemka nyumba hii, mtaa wa pili wanatoka nje. Basi mama alipika usiku wa manane, wakati wa daku, wali wa maji na chumvi, mlango umefungwa, na kanga mbichi ameiziba chini ya mlango. Tukala gizani tukinong'ona, kana kwamba tunaiba. Na kweli tulikuwa tunaiba.

Siku mbili tatu alimpelekea jirani muhogo kama kawaida. Kisha akaacha. Aliniambia, "Siwezi kumpelekea mwenzangu muhogo, nami nna wali chunguni. Na wali siwezi kumpelekea." Jirani akaona amekosewa jambo asilolijua, naye akaacha. Walikaa zaidi ya miaka miwili bila sahani kuvuka ule ukuta, wakisalimiana kwa mbali kama wageni. Nilikuja kujua baadaye sana, mama ameshakufa, kwamba jirani naye alikuwa akipika usiku. Mumewe alikuwa akipata kimemo.

Watu wakizungumzia rushwa hutaja fedha zilizopotea, shule zisizojengwa, na ni kweli yote hayo. Mimi nikiulizwa ilitufanya nini, hutaja ile sahani.

Sasa nifike kwa paka.

Ramadhani ya 1983 iliangukia Juni na Julai. Kusi lilikuwa limeshika, muhogo umeanza kuwachosha watu, na habari ikaenea kwamba mchele wa Sikukuu unakuja. Lori lilileta mapolo 40. Usiku ule ule 11 yakaondoka. Nikaandika nilichozoea kuandika, sikuhitaji tena kuuliza.

Watu wa Tumbatu walikuwa na tabu yao peke yao. Wao huja kwa maji. Maji yasipojaa, mashua haiji. Kwa hiyo waliweka mawe yao mapema wakarudi kwao kungoja bamvua au kuwahi kazi zao, wakitegemea ile adabu ya zamani. Lakini 1983 adabu ile ilikuwa imekwisha kuliwa. Watu walikuwa wameziona Land Rover za usiku. Walikuwa wamejua kwamba kusimama wa tatu si kitu kama aliye ndani ameshagawa. Mtu aliyeona foleni ni mchezo hakuona sababu ya kuliheshimu jiwe la mwenziwe. Mawe yakawa yanasukumwa, yanarushwa kichakani, asubuhi kuna ugomvi wa makopo. Niliwahi kuona wanaume wawili waliosoma chuo kimoja wakipigana kwa ajili ya pakacha.

Bibi yule alikuja siku ya tatu ya kugawa. Alikuwa mwembamba, kanga mbili, kadi yake ameifunga katika pindo. Nyumba yake ilikuwa na watu saba. Jiwe lake alilikuta pembeni ya mtaro. Alilirudisha mstarini mwenyewe, akasimama nalo mpaka akafika dirishani, na alipofika mimi nilikuwa nimeshafunga leja.

"Umekwisha, bibi. Panya wametuharibia mapolo 11."

Hakupiga kelele. Pale kizingitini walikuwa wamelala paka wetu wawili, mmoja mweusi, mmoja wa rangi ya mchanga, mbavu zao unaweza kuzihesabu. Bibi aliwatazama, akanitazama mimi.

"Mjukuu wangu," akasema, "panya wale mapolo kumi na moja, na paka wenu wamekonda hivi?"

Nyuma yake mtu mmoja akacheka, akacheka wa pili, kicheko kikatembea mstari mzima mpaka chini ya mkungu, kwa watu ambao hawakusikia neno lenyewe ila walitaka kucheka. Nami nilicheka. Sikuweza kujizuia. Mkubwa akatoka ofisini, akauliza kwa upole wake ule, kuna nini? Hakuna aliyemjibu. Kicheko kikakatika kama kamba. Mamia ya watu waliokuwa na haki wakatazama chini mbele ya mtu mmoja aliyekuwa na ufunguo. Hakuwa na bunduki wala askari. Alikuwa na ufunguo tu, na kila mmoja wao alikuwa na kadi iliyohitaji saini mwezi unaofuata.

Bibi akainama, akaliokota jiwe lake, akalipangusa mchanga, akalitia katika pakacha. Akaondoka nalo pwani.

Kesho yake Mkubwa aliamuru paka wafukuzwe.

Mwaka ule redio haikuwa na habari nyingine ila wahujumu uchumi. Bara, Waziri Mkuu Edward Sokoine alikuwa ameanzisha msako tangu mwisho wa Machi, na tulisikia jinsi watu walivyokuwa wakitupa mali usiku ili wasikutwe nayo. Nikadhani labda zamu ya panya wetu imefika. Kwetu aliyekamatwa ni mjomba wangu.

Mjomba alikuwa mvuvi. Alikuwa na polo moja la karafuu za Donge, amelificha chini ya nyavu kwenye dau, anangoja usiku wa kusi zuri limpeleke kaskazini. Mombasa karafuu ilikuwa na bei, na ukirudi unarudi na sabuni na doti za kanga, vitu ambavyo kwetu havikuonekana hata kwa kimemo. Sisemi hakuvunja sheria. Alivunja, na magendo ya karafuu hayakuwa jambo la mchezo. Lakini wote tulijua vizuri kuna wengine ambao karafuu zao hazikupita njia za panya, zilipita barabarani na makaratasi. Mjomba alifungwa, akakaa Kiinua Miguu miezi minane.

Mkubwa alikuja nyumbani kumpa mama pole. Aliketi barazani, akauliza habari za afya, akasikitika kwa kweli, nadhani. Akaacha kilo tano za mchele. Mama akazipokea kwa mikono miwili.

Nimelirudia tukio lile mara nyingi katika fikra zangu. Yule bwana hakujiona mwizi. Alijiona mtu mkarimu. Nusu ya mji ilikuwa na shukrani kwake: huyu alimsaidia kilo, yule alimtafutia bati, mwingine alimwandikia barua mwanawe akapata kazi. Alichukua cha wote akarudisha kidogo kwa mmoja mmoja, na kila mmoja akadhani ni hisani. Hata neno rushwa hatukulitumia. Tulisema shukrani, tulisema kuonana, tulisema mkono mtupu haulambwi. Bara baadaye waliiita takrima na wakaiingiza hasa katika sheria ya uchaguzi, mpaka Mahakama Kuu ilipoifuta mwaka 2006. Sisi hatukuwa na haja ya sheria. Tulikuwa na adabu zetu, na adabu zile zile tulizofundishwa za kushukuru mtu akikupa, ndizo zilizotuziba midomo.

Januari 1984 Mzee Aboud Jumbe alijiuzulu urais wa Zanzibar kule Dodoma, na Mzee Mwinyi akaletwa kushika Zanzibar. Hakukaa sana, mwaka uliofuata alikwishakuwa Rais wa Muungano, lakini muda ule mfupi ulitosha. Wafanyabiashara waliruhusiwa kuleta bidhaa. Waliokuwa na jamaa Dubai na Maskati wakaandikiana barua. Maduka ya Darajani, mjini, yakajaa. Mkokotoni siku moja nikaona polo la mchele limefunguliwa barazani kwa mtu binafsi, mchana, linapimwa, mtu anatoa fedha anachukua anaondoka, hakuna kadi, hakuna jiwe. Nikajua kazi yangu imekwisha. Panya wangu walikufa bila dawa.

Ndiyo maana nilikwenda Mangapwani. Na kwa jambo jingine: miaka ya 70, akiwa Waziri wa Mambo ya Ndani wa Muungano, Mzee yule alijiuzulu kwa ajili ya mateso na vifo vya raia Shinyanga, makosa ambayo mikono yake mwenyewe haikuyafanya. Mimi niliyezoea kuona makosa ya mkubwa yakiandikwa kwa jina la mnyama, nililiona hilo kubwa sana. Lakini niseme na la upande wa pili, kwa kuwa mtu akifa hatuna budi kumtendea uadilifu pia. Chini ya uongozi wake, mwaka 1991, chama kililegeza hapa hapa Zanzibar masharti ya uongozi ya Azimio la Arusha, na kiongozi akaruhusiwa kuwa na hisa, nyumba za kupangisha na mishahara miwili. Mlango alioufungua ulipitisha mchele. Ulipitisha na mengine.

Maana mchele ulipokosa thamani ya kuibwa, wenye mihuri waligeukia mchanga. Ardhi ya Zanzibar ni ya serikali tangu Mapinduzi. Wananchi wengi walipewa eka tatu tatu za kutumia. Miaka ya 90 hoteli zilipoanza kupanda pwani ya kaskazini, niliiona karatasi moja ya kiwanja, imepigwa chapa vizuri, imeandikwa kwamba eneo "halina matumizi". Eneo lile nililijua. Wanawake walikuwa wakianika mwani pale, na upande wa juu watu walikuwa wakifunga ng'ombe. Nikaitazama ile "halina matumizi" kama mtu anavyoitazama picha yake ya ujanani. Nilijua kuna karani mahali, mwenye hati nzuri, aliyeambiwa kwa upole aandike.

Leo kuna sheria ya kuzuia rushwa, tangu 2012, na kuna mamlaka yake, ZAECA, na vijana wanajua namba ya simu ya kupiga. Ni jambo zuri. Ombi langu kwao ni moja. Wakienda kumtafuta Mkubwa, wasimpite yule aliye dirishani. Mimi niliondoka bohari mwaka 1985 kwa hiari yangu, nikapewa barua ya kunishukuru kwa uaminifu, na hakuna aliyepata kuniuliza hata swali moja.

Baada ya maziko nilimuuliza yule bwana wa Jongowe walikula nini Sikukuu ile ya 1983. Alikuwa mtoto wa miaka tisa. Alikumbuka: muhogo, na pweza aliyekamatwa na baba yake. Bibi alifariki 1991. Na jiwe? Akasema liko, limekaa miaka yote nyuma ya mlango wa uani, wanalizuilia mlango upepo ukivuma.

Nilimwendea shekhe mmoja ninayemwamini. Akaniambia haki ya mja haiondoki kwa sala wala kwa saumu, inarudi kwa mwenyewe, na mwenyewe akifa inakwenda kwa warithi wake. Mapolo 11 sina uwezo nayo, na wenyewe ni wengi, wengine siwajui. Nikaanza na nyumba moja.

Ramadhani ilipokwisha, Mfunguo Mosi, nilivuka na mfuko mmoja wa mchele, kilo 50. Tuliketi uani, yule bwana na dada zake wawili na wajukuu. Nilisema niliyokuja kuyasema. Waliniacha nikamaliza. Kisha dada mkubwa akaingia ndani, akatoka na mizani ya kupimia dagaa, na wakaupima kwanza.